Beseni la Mama Bosibori

Swali lilianzia Kisii mjini, katika ibada ya mchana tunayofanya sisi wafanyakazi nyuma ya duka la vifaa vya ofisi ninakouza. Tulikuwa tukizungumzia kukua kiroho, nami nikauliza mtu aliyekua kiroho hutambulikana kwa jambo gani. Mmoja akasema anajua kuomba, mwingine akasema amekaa miaka mingi katika wokovu. Sikutosheka. Momanyi, anayetengeneza simu mlango wa pili, akacheka.

"Nenda Ikonge kwa shangazi yangu. Haongei na jirani yake, na Sabato hii kanisani kwao kuna Meza ya Bwana. Utaona mwenyewe kama amekua."

Ijumaa nikaomba ruhusa na kuondoka.

Kutoka Nyamira, mvua ilikuwa imetangulia. Mashamba ya chai yalifika hadi ukingoni mwa barabara, kijani kilekile kilima baada ya kilima, isipokuwa pale migomba ilipozunguka nyumba. Pikipiki iliteleza mara kwa mara, na dereva akaniomba nishuke nitembee penye matope. Nilifika kwa Mama Bosibori, shangazi yake Momanyi, viatu vikiwa vizito.

Jioni hiyo nilimkuta mlangoni akisugua visigino kwa jiwe. Chakula cha Sabato kilikuwa tayari na nyumba imefagiliwa. Kanisani kwao, kabla ya mkate na divai, watu huoshana miguu wawili wawili, wanawake kwa wanawake. Lakini kila mtu huiosha kwanza nyumbani na kuipaka mafuta.

"Sasa mtaoshana nini?" nikauliza.

"Nani atampelekea mwenzake matope ya chai? Na nyinyi Wakatoliki, padre anawaosha wachache, wengine mnarudi na miguu yenu."

Nikacheka, kisha nikamuuliza kuhusu jirani. Anaitwa Kerubo; waliolewa na ndugu wawili, na mashamba yao yanapakana. Ndama wa Mama Bosibori alikula mahindi ya Kerubo, naye Kerubo akapanda nyasi za ng'ombe katikati ya njia ya kwenda chemchemini. Tangu hapo Mama Bosibori anazungukia barabarani na ndoo yake, na hawasalimiani.

"Meza ya Bwana imenipita mara mbili," akasema. "Nilikaa nyumbani kichwa kikiniuma."

"Kiliuma kweli?"

"Kilianza Ijumaa jioni, kikapona Jumapili asubuhi." Alipaka mafuta kisigino cha pili. "Siwezi kula mkate ule na neno tumboni. Kesho nitaenda kwake na beseni."

Sabato asubuhi tulikwenda mapema. Baada ya mahubiri wanaume walibaki kanisani, sisi wanawake tukaingia darasa la watoto lililo kando, lenye mabenchi mafupi. Maji ya uvuguvugu yalimiminwa na taulo zikagawanywa. Niliona jinsi wanavyochaguana: jicho humtafuta rafiki, na rafiki tayari anavua viatu. Mama Bosibori alibeba beseni hadi benchi la mwisho, alipoketi mwanamke mrefu mwenye kitambaa cheupe. Darasa likapunguza sauti.

"Kerubo, naomba nikuoshe."

Kerubo hakuinua uso. "Nimeshapata mtu."

Pembeni yake hapakuwa na mtu. Mama Bosibori alisimama kidogo, kisha akarudi na beseni lake, akikanyaga polepole maji yasimwagike.

"Nioshe mimi," nikamnong'oneza.

"Wewe sijagombana nawe." Akatazama maji. "Lakini yanapoa. Keti."

Aliniosha, nami nikamwosha. Kisha tukarudi kanisani, akaenda mezani na wenzake, nami nikabaki kwenye benchi nikimtazama akipokea mkate. Njiani nilimuuliza atawaambia nini wanaouliza kama amepatana na Kerubo.

"Nitawaambia nilienda."

Jumapili nilihudhuria misa ya kwanza, nikamkuta kituo cha chai alikopeleka majani yake. Lori la kubebea majani lilikuwa limekwama mahali kwa sababu ya utelezi. Majani yakikaa yameshindiliwa kikapuni hupata joto, hugeuka kahawia, na karani anayeyapima huyakataa. Kila mkulima alikuwa ameyamwaga na kuyatandaza sakafuni. Vikapu viwili tu vilibaki vimejaa.

"Ni vya Kerubo," mwanamke mmoja akasema. "Ng'ombe wake anazaa, amekimbia nyumbani. Yaache yaive, aonje."

Wengine wakacheka. Mama Bosibori aliingiza mkono kikapuni, akautoa haraka. Akavimwaga vyote viwili na kuanza kutandaza. Nilipotaka kumsaidia aliniambia nitayakanyaga na viatu vyangu vya mjini.

Kerubo alirudi akihema, matope yamefika magotini. Alivitazama vikapu vyake vitupu, akatazama sakafu, kisha mikono ya Mama Bosibori.

"Umeyarundika hapa katikati," Kerubo akasema. "Hivi yatapata joto tena."

Lilikuwa neno la kwanza la Kerubo kwa Mama Bosibori, nje ya lile la darasani, tangu mambo ya ndama. Mwanamke aliyetaka majani yaachwe yaive akaguna. Nilingoja Mama Bosibori ajibu; mimi ningejibu.

"Basi nionyeshe," akasema, akasogea.

Kerubo akainama. Walitandaza bila maneno hadi lori lilipounguruma kilimani.

"Alizaa nini?" Mama Bosibori akauliza wakati wa kupakia.

"Jike."

Jioni tulienda chemchemini kwa njia ndefu ya barabarani. Nyasi zilikuwa palepale.

Kisii, ibada iliyofuata, walitaka nieleze nilichoona. Niliwaambia yote, pamoja na njia iliyofungwa. Momanyi akauliza kama kumtandazia mtu majani yake kunatosha kuitwa kukua. Nikamwambia hata mimi nilimuuliza shangazi yake hivyo, tukiwa na ndoo mkononi. Alijibu kwamba mambo ya kukua hayajui. Anachojua ni kwamba Ijumaa alingoja kichwa kianze kuuma kama zile mara mbili, na hakikuuma.