Kuasili Si Asili

Majina sitaji, lakini wenyewe wanajijua: wifi yangu wa Milanzi, dada wa marehemu mume wangu, na yule afisa wa ustawi aliyekuja naye wodini.

Nilikuwa naumwa kifua kikuu, kile cha dawa za zaidi ya mwaka. Binti yangu wa miaka mitatu alikuwa kwa wifi. Wakaja na karatasi, afisa akaisoma mbiombio, mimi nakohoa. Nikauliza kuasili ndiyo nini. Wifi akadakia: "Si asili, wifi? Mtoto anapewa asili yake."

Asili yangu mimi ni Matai, kwa mama yangu, kwenye mashamba ya ulezi. Nikajua anapelekwa kwa bibi yake mpaka nipone. Nikaweka dole gumba.

Nilipotoka nikaenda moja kwa moja Matai. Mama akachungulia nyuma yangu, akauliza mtoto nimemwacha wapi. Yeye alijua ninaye.

Nikarudi Milanzi. Wifi aliongea nami akiwa kaushika mlango. Akasema kama nina shida niende mahakamani. Nikaenda, nikidhani namshitaki. Karani akafungua jalada, akasoma kimya, kisha akasema, "Mama, mtoto huyu ameasiliwa. Kisheria wewe si mzazi wake tena."

Nilicheka. Mtu akikwambia kichwa chako kiko kwa jirani, utafanyaje? Nikamweleza kwamba mimi nilikubali arudi kwenye asili. Akanifundisha polepole kwamba kuasili ni kumfanya mtoto wa mwenzio awe wako. Nikauliza mbona sikuitwa. Wito, akasema, alipewa wifi anifikishie. Nikitaka kupinga, nitafute wakili.

Akageuza jalada nione dole langu. Lile kovu la kisu cha kuvunia ulezi lilikuwa linaonekana vizuri kabisa, katikati.

Sijui nilifikaje Milanzi. Nakumbuka nimesimama kando ya njia, watoto wa chekechea wanatoka. Wangu alikuwa na sare mpya, amerefuka. Wifi amemshika mkono. Hakukwepa, alimwinamia, akamnong'oneza kitu.

Mtoto akanisogelea, akapiga goti kama nilivyomfundisha mimi mwenyewe.

"Shikamoo, shangazi."

Shangazi ni yule aliyemshika mkono. Nilitaka kusema hivyo. Mdomo ukatangulia, ukajibu marahaba.