Vidole vya Msasa

Mama mkwe wangu watu walimwita Msasa kwa sababu ya mikono yake. Mimi ningesema ni kwa sababu ya ulimi, ila sikuulizwa. Tangu niolewe na mwanawe hajawahi kunisifia kitu. Chai yangu ni maji ya kunawia, ufagio wangu unabembeleza uchafu, na cherehani ninayoshonea nguo za watu barazani, kwake ni kiti cha uvivu. Kwa Msasa kazi ni moja tu, jembe. Alilima shamba la mumewe mume akiwa hai, akalilima alipofariki, na mwanawe alipokwenda kutafuta kazi mbali akaendelea kulilima peke yake, akinisema kila tuta. Tuliishi kama paka na panya, na sioni aibu kusema kwamba nilimchukia.

Mwaka huo serikali ilitangaza kuwa ruzuku ya mbegu na mbolea itatumwa kwa simu, ila kwanza mkulima aandikishwe kwa alama ya kidole. Aliyeweka kidole ndiye mkulima wa shamba hilo mbele ya serikali, basi. Shemeji yake Msasa, mdogo wa marehemu, alilisikia hilo kabla yetu. Ni dalali wa viwanja mjini, hajawahi kung'oa hata gugu. Siku ya kuandikishwa alitutangulia ofisi ya kilimo, shati limenyooka kwa pasi, akamwekea shemeji yake nafasi kwenye benchi na kumpepea kwa gazeti. Nilipomwona anajipendekeza hivyo nikajua kuna jambo.

Karani alikishika kidole gumba cha Msasa, akakikandamiza kwenye kioo cha mashine. Taa ikawaka nyekundu. Akakifuta kwa kitambaa, akajaribu kingine, na kingine, mikono yote miwili. Nyekundu. Mistari ya vidole ilikuwa imelika kwa mpini. Karani akamshauri, kwa upole wa mtu asiyejua njaa, apumzike kulima kwa muda na apake mafuta, ngozi ikirudi aje tena. Mvua zilikuwa zimeshaanza. Watu kwenye foleni wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka nao.

Hapo dalali akasimama. Akasema utaratibu unaruhusu mtu wa familia aweke kidole badala yake, na damu ni nzito kuliko maji. Alikuwa ameshakunja mkono wa shati. Msasa akavitazama vile vidole laini, kucha zimekatwa vizuri. Nilijua kitakachofuata, na yeye alijua: leo kidole, kesho mnunuzi na kamba ya kupimia.

"Mwandike huyu," akamwambia karani, akinionyesha mimi kwa kidevu.

Niligeuka kuangalia kama nyuma yangu kuna mwingine.

"Shemeji, huyu si mkulima," dalali akasema. "Wewe mwenyewe unasema kila siku."

"Si mkulima. Ndiyo maana mashine yao itamkubali."

Kidole changu kilipita mara ya kwanza. Chumba kizima kikaangua kicheko, na safari hii niliyechekwa ni mimi. Msasa akawatangazia wote kwamba jambo hilo amelisema tangu siku ya harusi, afadhali sasa hata serikali imeliona. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Dalali aliondoka bila kuaga. Njiani kurudi nyumbani nilitembea nyuma ya mama mkwe, nikitafuta neno la kusema. Mwisho nikamshukuru kwa kuniamini. Akasimama, akanigeukia.

"Usijidanganye. Wewe nakuchukia tu," akasema. "Yule namwogopa."

Akaendelea kutembea. Miaka yote niliyokaa naye sikuwahi kujua kwamba kuna mtu Msasa anamwogopa, tena mtu niliyekuwa nikimpakulia chakula kila alipokuja kututembelea.