Wapagazi wa Chumba cha Giza

Mwosha vyombo wa maabara ile aliitwa Mama Chupa, ingawa hakuwa mama wa mtu. Jina hilo alibandikwa na watafiti mwaka wake wa kwanza kazini, kwa sababu ya chupa alizokuwa akizisugua kutwa, naye akalipokea kwa kicheko kilichoishia kooni. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, mimba tatu, zote zimeharibika. Sasa alikuwa na ya nne. Ilikuwa imeingia mwezi wa nne, na aliyejua ni mumewe tu, seremala mpole aliyekwisha kuchonga kitanda cha mtoto kisha akakificha nyuma ya mbao, asije akakitazama mapema mno.

Kazini hakusema. Sheria ya pale ilikuwa mjamzito ajitaje, asiingie chumba cha giza. Si kwamba alikipenda chumba kile. Aliogopa kulitamka neno lenyewe. Mara zote tatu alikuwa amewaambia watu, na mara zote tatu ilimbidi arudi kuwaambia kwamba hakuna tena.

Chumba cha giza kilikuwa cha fundi wa darubini, binti mwenye miwani minene waliyemwita Bibi Darubini. Humo aliwatazama wapagazi. Hilo lilikuwa jina la utani la molekuli zinazong'aa chini ya taa ya zambarau. Watafiti walizibebesha kipande cha jeni, wakakiita mzigo, kisha wakazimwaga juu ya seli zilizooteshwa kwenye visahani. Kwa kuwa zinang'aa, mtu aliweza kuzifuata kwa jicho na kujua kama zimekwama mlangoni au zimepenya na kuutua mzigo ndani. Siku moja binti alimwita Mama Chupa achungulie. Vidoa vya kijani vilikuwa vimejaa tele ndani ya seli.

"Wameingia bila hodi," binti alisema, akiona fahari.

Mama Chupa alicheka naye, lakini neno hilo, bila hodi, lilikwenda naye nyumbani.

Mchana mmoja, siku chache baadaye, wenzake walikuwa wameondoka kwenda kula. Alikuwa akitoa vichupa kwenye trei, kimoja kikamponyoka na kupasuka juu ya sinki. Alipokusanya vipande alihisi ubaridi kidoleni. Glavu ilikuwa imechanika. Kwenye kigae kimoja lebo ilikuwa bado imeshika, na alisoma neno moja: WAPAGAZI.

Akaivua glavu. Sabuni ya maji ilikuwa imekwisha tangu asubuhi, kwa hiyo alichota ya unga, ile ya kufulia makoti, akanawa mara tatu. Kisha akaingia chumba cha giza, akawasha taa ya zambarau na kuunyoosha mkono.

Vidole vilikuwa vinang'aa.

Alirudi sinkini mbio. Alichota unga mkono mzima, akasugua kwa brashi ya chupa mpaka ngozi ikamuwasha. Akarudi kwenye taa. Mng'ao ulikuwa umezidi. Ulikuwa umejaa kwenye kucha na kwenye mikunjo ya viganja, na sasa ulikuwa umepita kifundo cha mkono. Akanawa tena hadi karibu na kiwiko. Nao ukapanda naye hadi kiwiko. Wanatembea, aliwaza. Wanapanda. Alipima kwa macho umbali wa kutoka kiwiko hadi tumboni, akaona ni mdogo sana.

Bibi Darubini aliporudi alimkuta ameketi sakafuni, mkono ameunyoosha mbali na mwili kana kwamba ni wa mtu mwingine. Ilichukua muda kumtoa maneno. Binti alisikiliza mpaka mwisho, akaenda sinkini, akapekuapekua vigae na kurudi na kipande cha pili cha lebo.

"Tazama hapa, mama. Kimeandikwa 'watupu'. Hawa walikuwa hawajapewa chochote. Hakuna mzigo."

"Ninao mimi, mwanangu," Mama Chupa alisema. "Mimi ndiye mwenye mzigo."

Binti alimtazama usoni, kisha tumboni, kisha akavua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Hakumgombeza. Alimuuliza jambo moja tu, mng'ao huo ni wa rangi gani.

"Wa buluu."

Binti akamshika mkono wa pili, akamwingiza chumbani. Juu ya karatasi nyeusi alidondosha tone la wapagazi, na pembeni akanyunyiza sabuni ya unga. Akawasha taa. Tone likawa la kijani. Unga ukawa wa buluu, buluu ileile ya mkononi.

"Hii sabuni ina dawa ya kung'arisha nguo nyeupe," alisema. "Umekuwa ukijipaka taa, mama. Kila ukinawa unaongeza."

Alikikagua kidole kwa kioo cha kukuzia, hakuona mchubuko wala doa la kijani. Hata hivyo, alisema, lazima daktari amwone, na lazima waandike kwenye kitabu cha ajali, pamoja na lile jambo. Alishika kalamu na kungoja.

Mama Chupa aliitazama kalamu. Hofu ya mkono ilikuwa imeshuka, na chini yake aliikuta ile ya zamani ikimsubiri.

"Andika," alisema. "Mwezi wa nne."

Kisha akaomba tumbo nalo limulikwe. Binti akamwambia taa ile haioni ndani. Akajibu kwamba anajua. Akalifungua koti, akapandisha blauzi. Upindo wa koti ulimeta buluu kwa sababu ya kufuliwa. Ngozi ya tumbo ilikuwa nyeusi tii, hakuna kilichong'aa. Aliendelea kuitazama, mpaka binti akanyoosha mkono taratibu na kuizima taa.