Nilifuta Maneno ya Mama Yake, Nikasingizia Virusi

Jina langu sitalitaja, maana bado nafundisha shule ileile huku Buswelu na aibu bado ninayo. Nimekosa. Na kibaya zaidi, nilikosa nikiwa na uhakika kabisa kwamba nasaidia!

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Mwaka jana niliweka Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, kwenye laptop yangu kuukuu, nikageuka mhubiri. Chai ya saa nne ilikuwa hainyweki bila mimi kueleza: inawaka kabla hujavuta kiti, haikukatizi kazi eti inajisasisha, na flashi zenye virusi haziifanyi kitu.

"Virusi?" nilikuwa nasema huku nacheka. "Huku kwetu hakuna virusi!"

Kompyuta ya ofisi ilikuwa na Windows. Mtumiaji wake ni katibu muhtasi wetu, Mama Kabula, mtu mtulivu anayechapa bila kutazama vidole. Ilikuwa nzito kweli. Akiiwasha asubuhi, anafagia ofisi na kumwagilia maua ndipo akae. Nilipomshauri tubadilishe alinijibu, "Mwalimu, hii nimeizoea. Printa inaikubali, fomu za wilayani zinafunguka zilivyo. Niachie."

Nikaona ni ujinga. Mungu anisamehe, niliona ni ujinga!

Jumamosi moja nikachukua ufunguo kwa mlinzi. Nikanakili barua na matokeo ya shule kwenye flashi yangu. Pembeni ya skrini kulikuwa na folda imeandikwa MAMA. Flashi ilikuwa imejaa. Nikasema, hizi ni picha za familia tu, lazima anazo kwenye simu. Sikuifungua hata kuchungulia. Nikafuta kila kitu, nikaweka Linux, nikarudi nyumbani napiga mluzi.

Jumatatu Mama Kabula aliiwasha, ikawaka palepale. Nilikuwa nimesimama mlangoni nangoja kusifiwa.

"Mwalimu, folda ya mama iko wapi?"

Ndipo akanieleza ilikuwa na nini. Mama yake, mwenyeji wa Ukerewe, alikuwa amefariki miezi miwili nyuma. Kwa miaka minne walikuwa wanapigiana simu kila Jumapili, mama huyo anamtajia maneno ya Kikerewe ambayo wajukuu hawayajui tena. Majina ya samaki, ya aina za mihogo, namna ya kumsalimia mkwe, hata maneno ya kukaripia kuku. Jumatatu asubuhi, kabla ya kazi, Mama Kabula anayachapa pamoja na maana zake. Nakala nyingine hakuna.

Pale ndipo pa kusema ukweli. Badala yake mdomo wangu ukatamka, "Pole sana, Mama Kabula. Virusi vilishaila hiyo folda. Mimi nimejitahidi kuiokoa kompyuta."

Alinitazama. Akavuta kibodi, akaanza kuchapa barua ya mkuu wa shule.

Ule utulivu wake ulinitesa jamani! Na mashine nayo ikanisuta. Printa ikagoma kutambulikana. Barua zikafunguka mistari imehama. Jedwali langu la alama, lenye fomula nilizozitunga mwenyewe kwenye ile Windows ya ofisi, likawa linampa wastani hata mwanafunzi aliyehama shule.

Siku ya sikukuu, ofisi imefungwa, nikachomoa diski ya ile kompyuta nikaipeleka kwa fundi kule Mkuyuni.

"Ulifuta tu, au uliandika juu yake?" akauliza.

"Niliifomati mara mbili. Ili iwe safi."

Akacheka. Alipoona uso wangu akaacha. Alichopata ni vipande vya herufi visivyosomeka.

Kesho yake nikamfuata ofisini. "Mama Kabula, hapakuwa na virusi. Ni mimi."

"Najua, mwalimu."

"Umejua lini?"

"Siku ileile. Ijumaa niliiacha ile folda ikiwa nzima. Si wewe uliyetuambia huko kwenu hakuna virusi? Nilikuwa nangoja nione utachukua muda gani. Wiki tano."

Hakupandisha sauti. Akaongeza tu, "Mama kuna maneno alikuwa akiyataja anacheka kwanza. Nilikuwa naandika pembeni alichochekea. Maneno mama wadogo watanirudishia. Kile kicheko, nani anacho?"

 

Likizo ya Desemba alipanda kivuko kwenda Ukerewe. Amerudi na daftari, lina maneno machache, mengine mama wadogo wake wanayabishania maana. Niliomba nimchapie. Alikataa.

Na sasa sikieni kinachonichoma. Ile Linux ameizoea! Printa aliihangaikia mwenyewe mpaka ikakubali. Mkuu wa shule alipotaka arudishiwe Windows alisema hapana, hii inawaka haraka. Mimi mhubiri ndiye niliyerudi Windows kimyakimya, kwa ajili ya jedwali langu.

Ewe ndugu unayejua kompyuta kuliko wenzako, mifumo yote ina raha na karaha zake, bishaneni mpaka chai ipoe. Lakini mashine ya mtu usiiguse kabla hajakuambia gusa! Ukikuta folda usiyoijua, mpigie simu mwenye mashine umuulize. Nilipomwuliza Mama Kabula kama angepokea Jumamosi ile, alisema ndiyo. Alikuwa amekaa tu nje, anachambua mchele, simu iko pajani.