Kunyanzi Alipobadilisha Konsatina

Kwenye duka la dobi tulikofanya kazi, wapiga pasi walikuwa kadhaa, lakini mteja aliyeleta suruali ya suti alisema, "Mpeni Kunyanzi." Hilo halikuwa jina lake. Alipewa na wanawake wa meza ya kushonea, kwa sababu hakuweza kuona kunyanzi akaiacha, hata ikiwa kwenye nguo iliyovaliwa. Ulikuwa ukizungumza naye, ukaona jicho lake limetua kwenye kola yako, ukajua hakusikii tena. Mkewe, ambaye alikuwa mmoja wa wanawake hao, alisimulia kwamba yeye alimnasa kwa gauni la kitani. Alilivaa makusudi bila kulipiga pasi, akapita mbele ya meza yake.

Mimi nilikaa kaunta ya mbele, nikipokea nguo na kuzibandika namba. Kutoka pale niliona meza ya kushonea upande wa kushoto na meza za pasi upande wa kulia, na katikati mvuke.

Kunyanzi alikuwa na konsatina. Ni kinanda kidogo cha kushika kwa mikono miwili, chenye pembe sita kila upande, vitufe vya kubonyeza kwa vidole, na katikati viriba vya kukunjuka na kukunjika. Aliachiwa na mjomba wake, fundi bomba. Ilikuwa ya aina ile ambayo kila kitufe kina sauti mbili: ukisukuma inatoka hii, ukivuta inatoka nyingine. Kwa hiyo mpigaji wake hajui wimbo kwa sauti tu, anaujua kwa mikono kwenda na kurudi. Wakati wa mapumziko ya mchana aliketi juu ya gunia la mashuka akapiga, na mkewe akaimba huku sindano inakwenda. Kwa kuwa waliishi na hiyo konsatina miaka mingi, mkewe alizoea kuvuta pumzi pale pale viriba vilipogeuka. Wenzake walimtania kwamba siku mumewe akipata kikohozi, yeye ndiye atakayekosa pumzi.

Wimbo mmoja mkewe aliutunga mwenyewe mezani, kwa ajili ya binti yao alipokuwa mdogo akilala ndani ya kapu la nguo:

*Kifungo kimetoka, shati liko wazi,*
*nani atakishona, mama yuko kazi?*

Baada ya hapo aliweka uzi kinywani aulainishe, kisha akaukata kwa meno. Kinywa kikiwa na kazi hiyo, konsatina iliendelea peke yake, kipande kifupi kinachopanda, kinayumba, halafu kinashuka kwa mlango wa nyuma. Kipande hicho hakikuwa na maneno. Kisha ilikuja nusu ya pili, yenye kichekesho, kwamba sindano imetafutwa nyumba nzima kumbe baba ameikalia.

Msiba hauna hodi. Mke wa Kunyanzi aliugua kwa muda mfupi, akafa. Kunyanzi alirudi kazini kabla hatujamtarajia, akavaa aproni, akajaza maji kwenye pasi. Wanawake wa kushonea, ambao walimwita shemeji, walijipanga kumfariji atakapolia. Hakulia. Walimletea chai, akanywa. Walimsogezea kiti, akaketi. Mmoja alimwambia mfiwa hakatazwi machozi, naye akajibu kwamba anajua, ahsante, kisha akauliza kama lile shati la buluu ni la leo au la kesho. Watu wakaanza kusema ana moyo mkavu. Mimi nilimtazama kila siku kutoka kaunta na sikuona ukavu. Niliona mtu aliyewekwa mahali akabaki hapo hapo.

Kitu kimoja kilibadilika. Mapumziko ya mchana alichukua konsatina, akapiga kidogo, kisha viriba vilipofika pa kugeuka akasimama. Alingoja. Akaanza tena, akasimama tena. Baada ya muda akaacha kuileta kazini.

Fundi cherehani aliyetengeneza mashine za meza ya kushonea alikuwa na konsatina ya aina nyingine. Kwa nje unaweza kudhani ni ndugu wa tumbo moja. Lakini ile yake, kila kitufe kina sauti moja tu, usukume au uvute, na ukitaka kupanda ngazi ya sauti unaruka mkono wa kushoto, kisha wa kulia, kisha wa kushoto. Viriba unageuza utakapo, wimbo haujali. Fundi huyo hakuipenda. Alikuwa na kikundi chake cha kupiga muziki wa kucheza, akasema chombo chake kinaongea kama mtu aliyevaa suti ya kuazima, akitaka cha kusukuma na kuvuta, chenye kelele na mshindo. Alikuwa ameshamwomba Kunyanzi mara nyingi wabadilishane, na Kunyanzi alicheka tu.

Safari hii alipouliza, Kunyanzi alifikiri kidogo akasema sawa. Walibadilishana hapo hapo kaunta, mkono kwa mkono, hakuna aliyemwongezea mwenzake chochote. Fundi alipotoka niliuliza kwa nini. Kunyanzi alikuwa akifungua mikanda ya ngozi ya chombo kipya, akitazama mishono yake.

"Ile ya zamani inageuka pale alipokuwa anapumua," alisema. "Nimechoka kusubiri."

Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini amebadilisha njia ya kwenda nyumbani.

Alijifunza chombo kipya kwa kanuni za kazi yake, na hapo ndipo alipokosea, ingawa wakati ule sote tulimsifu. Mpiga pasi mzuri akipewa suruali yenye mstari wa zamani uliokwenda kombo, haweki mpya juu yake. Akifanya hivyo suruali inatoka na mistari miwili, kama reli, na mteja anairudisha. Kwanza analowesha ule wa zamani, anaupiga pasi mpaka ufe, ndipo anaweka mwingine. Kunyanzi alifanya hivyo hivyo kwa mikono yake. Kila mkono ulipotaka kugeuza viriba mahali pa zamani, aliusimamisha, akarudi mwanzo wa wimbo. Jioni baada ya kazi, mchana kwenye gunia la mashuka, kila mara alirudi mwanzo, bila hasira na bila haraka. Wanawake walisema shemeji anafua wimbo.

Ulifika wakati mikono haikutaka tena kugeuka. Nyimbo za watu wote, zile zinazojulikana, zilimtoka vizuri kwenye chombo kipya, moja baada ya nyingine, zimenyooka. Mwenye duka alisema sasa unaweza kusikia kila neno. Hakuna aliyegundua kwamba wimbo wa kifungo hakuupiga, kwa sababu mwenye kuuimba hakuwepo.

Binti yao alifanya kazi kwenye duka la dawa. Siku moja alikuja na mchumba wake, kijana mrefu mwenye shati lililokunjamana mgongoni, tukaona Kunyanzi akipigana na nafsi yake. Walikuja kusema tarehe. Mambo yalizungumzwa pale pale kati ya meza, wanawake wakiuliza kila kitu, mchumba akijibu kila kitu. Mwishoni binti alimgeukia baba yake. Hakutaka muziki wa kukodi, alisema. Alitaka wimbo wa mama tu, yeye aimbe, baba apige.

"Maneno ninayo yote," alisema. "Ila pale mama alipokuwa anakata uzi, pale ni pako, Baba. Mimi pale sikuwahi kupashika."

"Sawa," alisema Kunyanzi.

Jioni hiyo alibaki kazini baada ya wengine. Mimi nilikuwa nafunga hesabu ya nguo. Alipiga nusu ya kwanza, ikaja bila tatizo, maana sauti aliisikia kichwani kutoka kinywani mwa mkewe. Alipofika kwenye kipande cha uzi, vidole vilikaa juu ya vitufe, vikatulia. Akaanza upya. Vikatulia pale pale. Akajaribu kukivumia, akavumia kitu kingine, wimbo wa redioni. Kipande kile hakikuwahi kuimbwa na mtu. Hakikupita kichwani mwake hata siku moja, kilikaa mikononi, katika kusukuma na kuvuta.

Aliniuliza kama nakikumbuka. Nilikumbuka kwamba kilipanda, kikayumba, kikashuka. Zaidi ya hapo sikuwa na la kumpa. Kesho yake aliwauliza wanawake wa kushonea, na kila mmoja akavumia chake, wakabishana mpaka pasi ya Kunyanzi ikaunguza kitambaa cha meza. Hilo halikuwahi kumtokea. Alikitazama kile kitambaa, akakikunja, akakiweka kando.

Tulikwenda pamoja kwa fundi cherehani, kwa sababu nilikuwa na mashine ya kuchukua. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kirefu, magurudumu ya cherehani yamening'inia ukutani, harufu ya mafuta ya mashine. Konsatina ya zamani ilikuwa rafuni, imepakwa rangi nyekundu pembezoni. Kunyanzi alieleza shida yake kwa maneno machache, na fundi akaishusha mara moja, akaifuta vumbi kwa shati lake.

Kunyanzi aliketi, akaingiza mikono kwenye mikanda. Akabonyeza, akasukuma. Akavuta, na sauti nyingine ikatoka kwenye kidole kile kile, akashtuka. Nilimwona akishtuka, yeye aliyeishika nusu ya maisha yake. Akajaribu tena. Kidole kikaruka kwenda mkono wa pili, kama kilivyofundishwa, kikakuta sauti isiyohusika. Ilikuwa kama mtu anayeingia nyumba alimozaliwa akagonga goti kwenye meza.

Fundi alikuwa mtu wa mzaha, na ukimya ulimwia mzito. "Mke wa zamani huyo, bwana," alisema. "Umemwacha, sasa umerudi, lazima akununie kidogo."

Kisha akasikia alichokisema. Akashika bisibisi, akaiweka, akaishika tena. Kunyanzi hakuinua uso.

"Hujanikosea," alisema. "Ni kweli hainijui."

Fundi akaanza kusema haraka haraka kwamba aichukue, airudishe nyumbani, wala haina haja ya kubadilishana, kikundi kitasubiri, rangi nyekundu inatoka kwa mafuta ya taa. Kunyanzi alitoa mikono kwenye mikanda mmoja mmoja.

"Chombo si shida," alisema. "Nilitaka ile mikono. Ile niliipiga pasi mwenyewe."

Akamrudishia, akanisaidia kubeba mashine. Kwenye kivuko alisema kwamba soli yangu ya kushoto inaachia.

Jumamosi ya kuamkia wiki ya harusi binti alikuja kufanya mazoezi. Kunyanzi alimwambia bila kuzunguka. Katikati hakuna kitu, alisema, kimepotea, na aliyekipoteza ni yeye. Binti alikaa juu ya gunia la mashuka, akalitazama kapu la nguo lililokuwa karibu. Nilidhani angelia, na wanawake nao wakaacha mashine zao kwa kudhani hivyo hivyo. Lakini alikuwa mtoto wa baba yake.

"Basi tutanyamaza hapo," alisema. "Tukae kidogo, halafu tuendelee."

Baba akakubali. Walijaribu, ikawezekana. Alipiga nusu ya kwanza, wakanyamaza kwa kadiri ya mtu kulainisha uzi, kisha nusu ya pili na ile sindano. Wanawake walicheka kwenye sindano. Mmoja alijifuta macho kwa shati la mteja.

Harusi iliandikishwa asubuhi kwa msajili, na mchana tukakusanyika kwenye ukumbi mdogo, viti vya plastiki, madirisha wazi. Vitambaa vya meza vilitoka dukani kwetu, na hapakuwa na kunyanzi hata moja. Bwana harusi naye alikuwa amenyooshwa, tuliona kazi ya nani. Walipoitwa, Kunyanzi alisimama upande wa binti yake, akaivuta konsatina. Binti aliimba kwa sauti ambayo haikuwa ya mama yake, nyembamba zaidi, na hakupumua pale mama yake alipopumua.

*Nani atakishona, mama yuko kazi?*

Wakanyamaza. Vidole vya Kunyanzi vilikuwa juu ya vitufe, havibonyezi. Viriba vilibaki vimefunguka nusu. Nilimtazama usoni, kwa sababu nilijua alikuwa akisikiliza kama kitakuja. Uso haukubadilika.

Shangazi wa bwana harusi, mwanamke mkubwa wa mwili na mwenye moyo mwema, ambaye hakuwahi kufika kwenye duka letu, aliona wimbo umekwisha. Alipiga makofi. Aliyekuwa karibu naye akapiga, na meza ya nyuma, kisha ukumbi mzima, na mtu akapiga kigelegele, na wapishi waliokuwa wakingoja ishara mlangoni wakadhani ndiyo hiyo. Masufuria yakaingia. Viti vikaburuzwa. Sisi wa dobi tulikaa na mikono mapajani, lakini tulikuwa wachache.

Binti alisogea karibu na sikio la baba yake. Nilikuwa nyuma yao, nimeshika mkoba wake.

"Bado nusu," alisema.

"Najua."

"Niwaambie wanyamaze? Sindano hawajaisikia."

Kunyanzi alivitazama vitambaa vya meza. Tayari mchuzi ulikuwa umemwagika kwenye kimoja, na watoto walikuwa wakikivuta kingine.

"Wameshaanza kula," alisema.

Alivifunga viriba taratibu, akavibana kwa mkanda wake mdogo wa ngozi. Binti alimshika kiwiko akaenda naye mpaka meza ya shangazi, ambaye alimsifu kwa wimbo mzuri, mfupi, usiochosha watu. Kunyanzi alimshukuru. Akapewa sahani, akala.