Fundi Konokono na Mji Uliopigwa Picha Siku Moja

Saa tatu asubuhi, kiduara kinazunguka. Kinazunguka kwenye skrini ya kompyuta ya mezani, nyuma ya pazia la studio ndogo ya picha, na mwanamke aliyekaa mbele yake hafanyi chochote. Amekunja mikono, anakitazama tu, kama mtu anayesubiri maji yachemke.

Mwandishi wa makala haya angekuwa ameshaipiga kofi mashine hiyo.

"Ukiigusa sasa unaiongezea kazi," anasema bila kugeuka. "Iache kwanza ituonyeshe inahangaika na nini."

Wateja wake humwita Konokono. Wamempa jina hilo kwa sababu huitwa pale kompyuta inapokuwa nzito, na kwa sababu mwenyewe hana haraka hata kidogo. Hachukii. "Mwanangu wa mwisho aliniuliza, mama, kwani kazi yako ni kungoja? Nikamwambia ndiyo, baba, ila nalipwa."

Leo lakini hakuna anayecheka. Upande wa pili wa pazia, kwenye benchi la wateja, amekaa mwanamume mwenye koti lililofungwa vifungo hadi shingoni. Binti yake amefariki kwa ajali ya barabarani. Simu iliyokuwa na picha zake zote ilisagika palepale. Mazishi ni kesho mchana.

"Nyumbani tunayo moja tu," anasema taratibu. "Ana miaka sita, hana meno ya mbele. Sasa jamani, nitaiwekaje ile juu ya jeneza la mtu mzima?"

Anachojua ni kwamba binti yake aliwahi kupiga picha hapa, za kuombea kazi. Mpiga picha naye anakubali kwamba alimpiga picha. Ni mzee mwembamba ambaye kila mtu humwita Kidevu, kwa sababu hakuna aliyekaa kwenye kiti chake bila kuambiwa "inua kidevu". Picha ipo. Ila programu inayohifadhi picha zake imekuwa ikichukua asubuhi nzima kufunguka, halafu inaganda.

Fundi aliyekuja kabla ya Konokono alisema dawa ni moja tu, kufuta kila kitu na kuanza upya. Kidevu alikuwa amechoka, akakubali. Kazi hiyo ilikuwa ifanyike leo mchana. Kisha akaingia baba huyu, na Kidevu akatuma mtu mbio amwite Konokono.

Konokono hakusomea kompyuta. Alikuwa katibu muhtasi katika ofisi ambayo mashine zake zilikuwa zinaganda kila siku, na mtaalamu akiitwa haji mpaka watu wasahau walimwitia nini. Akaanza kuchokonoa mwenyewe. Ofisi ilipopunguza wafanyakazi, alitoka na kikombe chake cha chai na ujuzi ambao hakuna aliyekuwa amemtuma akautafute. Sasa huzunguka kwa miguu na begi lenye bisibisi, brashi ya kufutia vumbi na diski ya akiba. Macho yameanza kumsumbua. Usiku hayaoni vizuri, kwa hiyo kazi za jioni huzikataa, na baadhi ya wateja wamemkimbia kwa sababu hiyo.

Programu inafunguka hatimaye. Konokono anasogeza uso karibu na skrini. Upande wa kushoto pana safu ya tarehe, mahali ambapo picha hupangwa siku kwa siku. Anaishusha, anaipandisha, anaishusha tena.

"Mzee wangu, hebu njoo uone."

Kidevu anasogea.

"Hapa pana tarehe moja tu. Mji mzima umepigwa picha siku moja."

"Haiwezekani bwana! Nimefanya kazi hii mpaka mvi zimenijaa."

"Nipe kamera."

Anaileta. Konokono anachomoa betri, anairudisha, anamkabidhi. "Iwashe kama unavyoiwasha kila siku."

Kamera inawaka. Maandishi yanatokea, na kabla hata hayajasomeka kidole gumba cha mzee kimeshabonyeza kitufe.

"Hapo! Umebonyeza nini?"

"Si 'sawa' tu. Huwa inauliza."

"Inauliza nini?"

Mzee anafikiri. "Kusema kweli sijui. Mteja ameshakaa kitini, nani ana muda wa kusoma?"

Ilikuwa inauliza leo ni tarehe ngapi. Kila akitoa betri kuichaji, kamera hiyo kuukuu husahau siku na kurudia ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Kila asubuhi ikamuuliza, na kila asubuhi akaijibu "sawa". Ndivyo maelfu ya watu walivyorundikwa kwenye siku moja ambayo hakuna hata mmoja wao aliyekuja. Programu ikifunguliwa hujaribu kuifungua siku hiyo yote kwa pamoja, nayo inaelemewa.

Mzee anakaa chini. "Na nilitaka kuwafuta," anasema. "Wote hawa."

"Hujawafuta," Konokono anamjibu. "Tuendelee."

Anaifunga programu na kwenda moja kwa moja kwenye folda, ambako picha zimelala kama orodha ya namba. Kamera haikujua siku, lakini iliendelea kuhesabu picha, kwa hiyo waliokuja mwanzo wana namba ndogo. Ananakili zote kwenye diski yake ya akiba, kisha anazigawa katika mafungu madogo. Anafungua fungu moja kwenye programu. Linafunguka papo hapo, na Kidevu anaguna.

Sasa binti yumo katika fungu lipi? Tarehe hazisaidii kitu. Konokono anafungua pazia.

"Baba, pole, karibu huku. Alikuja peke yake siku hiyo?"

"Hapana. Alifuatana na mkunga, jirani yetu. Walitoka nyumbani pamoja."

"Mkunga namkumbuka," Kidevu anadakia. "Alikataa kuvua miwani, tukabishana weee. Alipotoka, akaingia mzee wa posta aliyekuwa anastaafu."

Basi wanawatafuta hao. Fungu baada ya fungu, nyuso zinapita mbele ya kitambaa kile kile cha buluu. Wanafunzi. Bibi mwenye kilemba. Mapacha waliovalishwa nguo za aina moja. Baba anawatambua wengi kuliko alivyotarajia. "Huyu fundi viatu wetu... marehemu sasa. Huyu alihama. Huyu, ala, kumbe alikuwa mnene hivi?" Anatabasamu kidogo, kisha anagundua kwamba anatabasamu, anaacha.

Anatokea mzee wa posta. Konokono anapunguza mwendo, anarudi nyuma picha moja moja. Mkunga, amenuna, miwani ipo. Anarudi nyuma tena.

Hakuna anayeuliza kama ni yeye. Baba ameweka kiganja kwenye meza na hakiinui. Binti amevaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi vizuri, kidevu juu kama alivyoambiwa, na mdomo umebanwa kama wa mtu anayezuia kicheko.

"Nichape ukubwa gani?" Kidevu anauliza.

"Subiri kidogo, mzee wangu. Mwache amtazame kwanza."

Wanamwacha. Kidevu anashika kamera yake na kuanza kuifuta lenzi, ingawa haina vumbi. Konokono anageukia dirishani na kutumia muda huo kunieleza anachotaka kufanya. Anasema atazipitia studio zote anazozijua, aikague saa ya kila kamera. Na hapa kwa Kidevu atakuja kila Jumamosi. Wateja wakija, watawaonyesha picha zao na kuwauliza walikuja lini, ili wawatoe mmoja mmoja kwenye ile siku ya uongo.

"Kufuta ni dakika tu," anasema. "Lakini watu hawa walioga wakaja."

Baba anafuta macho kwa kiganja. Amekuwa akisikiliza. "Basi anza na huyu," anasema.

Konokono anarudi kitini na kufungua kisanduku cha maelezo chini ya picha. "Ilikuwa tarehe ngapi, baba?"

Anafikiri sana. Anataja mwezi, anaukana. Anataja mwingine, anatikisa kichwa. Nje mtu anabisha hodi, Kidevu anaenda kumwambia asubiri.

"Siikumbuki, mama," anasema mwishowe. "Andika tu kwamba siku hiyo alikuwa mzima."

Konokono anavuta kibodi karibu, anaandika.