Taa Moja na Kofia Tisa za Njano

Tuanze na kofia, maana hizo ndizo zilizompandisha Kaluki hasira hadi wapangaji wenzake kule Tassia wakazima redio ili wasikie vizuri.

Kofia tisa. Za plastiki ngumu, za njano, zile zile za mjengo, kila moja imechapwa kwa herufi nyekundu: LUSWETI INJINI, USALAMA KWANZA. Ziliingia karakanani Kware siku ya Jumatano zikapangwa mezani kama mayai ya ndege asiyejulikana. Sasa, karakana ile inaunganisha upya injini zilizochoka. Hakuna anayepanda jukwaa. Hakuna tofali linaloanguka. Fundi anasimama mbele ya meza, injini iko usawa wa kitovu chake, na kitu pekee kinachoweza kumdondokea utosini ni mavi ya njiwa wanaolala juu ya mabati.

Kinachoruka pale hutoka chini, na huja machoni.

Kaluki analijua hilo kuliko mtu yeyote Embakasi nzima. Miaka saba iliyopita alikuwa akiunganisha injini ya lori la mawe, amefika kwenye pistoni. Pini ya pistoni hushikiliwa na klipu mbili, vipete vidogo vya waya wa springi ambavyo lazima uvibane viingie kwenye mfereji wake. Koleo ya kazi hiyo ilikuwa imevunjika. Akatumia bisibisi, kwa sababu Lusweti, mwenye karakana, alisema bisibisi ni koleo ambayo haijasoma. Klipu ikateleza. Jicho la kushoto likaenda.

Lusweti alimtembelea hospitalini na supu ya miguu ya ng'ombe, akamshika mkono, akasema, "Tushukuru, Mama Ndinda. Mungu ametuachia moja."

Ametuachia. Kwamba lile jicho lililobaki lilikuwa lao wawili, hisa nusu kwa nusu. Nadhani hata Mungu aliposikia aligeuka kuuliza ni nani huyo anayemsemea.

Kaluki alirudi kazini baada ya miezi mitatu, kwa sababu hedi, vile vichwa vya injini, ndizo anazozijua. Baba yake alikuwa fita, fundi wa mitambo ya reli, wakiishi Makongeni, mzee aliyevaa miwani ya kazi hata akikata kitunguu. Mumewe, Matheka, mchonga vinyago, alijitolea kumchongea jicho la mpingo. "Niache," Kaluki akamwambia. "Nitafanana na twiga wa kuuzia watalii." Karakanani wakambatiza Taa Moja, kama gari lililopasuka taa. Hakukasirika. "Taa moja," alikuwa akisema, "lakini inamulika." Tangu hapo hufunga klipu akiwa amegeuza uso pembeni, anapapasa kwa vidole kama anayetafuta swichi gizani, na kila klipu moja inamla dakika ishirini na jasho la kumtosha mkimbiaji.

Basi mwaka huu ikatokea kampuni moja ya kukodisha magari, yenye vigari vingi na injini nyingi za kufufua. Ikasema itampa Lusweti kazi, lakini kwanza itume watu wakague usalama. Lusweti akamwita Kaluki ofisini na kumkalisha kwenye kiti cha wageni.

"Mama Ndinda, wewe ndiye unayejua. Nenda na Lorraine mjini, mchague vifaa. Chagua kama unajichagulia."

Lorraine ni binti wa dada yake Lusweti, ndiye mnunuzi wa karakana. Ni msichana mwenye heshima, lakini injini anaijua kwa picha.

Walikwenda Grogan, kwenye duka la vifaa. Ningelipa kiingilio kuona siku ile. Kaluki alishika koleo ya klipu, akaziminya ncha zake, akazitazama kwenye mwanga, akairudisha. "Hii ina ncha zinazochezacheza. Ikicheza, klipu inaruka." Ya nne ndiyo iliyompendeza. Akaomba ile spana ndefu inayopima nguvu, inayolia "tik" bolti ikifika kipimo. Akaikaza mara tatu kwenye bolti moja, na ililia mara mbili tu. "Hii inasema ukweli ikijisikia. Lete nyingine." Glavu za pamba alizikataa: uzi mmoja ukidondoka kwenye njia ya oili, injini itakufa na wewe utaapa hujui kwa nini. Akachukua za mpira, nyembamba, zinazobana.

Kisha wakafika kwenye miwani. Kaluki akatoa mfukoni goroli ya beringi, nene kama zabibu, akaweka miwani ya kwanza juu ya kaunta, akainua goroli hadi usawa wa kifua, akaiachia.

Kra!

"We mama!" muuzaji akaruka. "Umeivunja, umeinunua!"

"Nimeivunja kwa goroli. Wewe ulitaka niivunje kwa uso?"

"Hiyo ni miwani ya hali ya juu!"

"Basi vaa, nikuachie goroli nyingine."

Muuzaji akaangalia goroli, akaangalia lile jicho lililofumba, akaingia stoo mwenyewe bila kutumwa. Miwani ya tatu ilipigwa ikalia "ti", goroli ikadunda hadi chini ya rafu, na kioo kikabaki kizima. Kaluki akaagiza tisa za aina ile, moja kwa kila fundi. Lorraine akaandika kila kitu. Usiku huo Kaluki alipika chapati siku ya Jumatatu, jambo ambalo nyumbani kwao hutokea mtu akifaulu mtihani.

Siku mbili baadaye ndipo zikaja kofia. Koleo ilikuwepo, spana ilikuwepo, glavu zilikuwepo. Miwani haikuwepo.

"Lorraine." Kaluki alisema taratibu, na waliomzoea walianza kusogea. "Miwani iko wapi?"

"Auntie, si mimi. Mjomba alipata fomu ya wale wakaguzi mapema. Helmeti ina alama kumi. Miwani haimo kabisa. Akasema nirudishe miwani, nilete helmeti. Lakini muuzaji alitupatia moja ya nyongeza." Akaitoa kwenye mfuko wa nailoni. Ilikuwa ndugu wa ile ya kra.

Wafula, fundi wa meza ya pili, alikuwa tayari amevaa kofia yake. "Mathe, usijali. Klipu ikiruka tunainamisha kichwa, tunaipiga hedi kama mpira."

"Wafula, nyamaza kabla sijakukaza wewe kwa spana mpya."

Jioni ile ndipo wapangaji walipozima redio. Kaluki alizunguka nyumba akimuuliza Matheka: mtu anawezaje kununua kitu cha kulinda sehemu isiyoumia? Anawezaje kutoa miwani mkononi mwa mtu mwenye jicho moja, akampa kofia, akamwambia usalama kwanza? "Kwanza kuliko nani?" alifoka. "Kwanza kuliko nani, baba Ndinda?" Matheka alisema labda asiende kazini siku ya ukaguzi. Kaluki akamtazama kwa ile taa moja. "Naenda. Sivai kofia, na sifungi klipu."

Ijumaa wakaguzi wakafika, wawili, na kiongozi wao ni mama mmoja nadhifu aitwaye Ayuma, mwenye ubao wa kuandikia. Mafundi wanane walisimama chini ya kofia kama uyoga. Kaluki kichwa wazi. Kijana wa kamera akapiga picha. Ayuma akatia tiki, tiki, tiki.

"Sasa tuone kazi," Ayuma akasema.

Lusweti akapiga makofi. "Mama Ndinda, tufungie pistoni."

"Sifungi."

"Samahani?"

"Sina kinga ya macho, mkubwa. Nina jicho moja. Nikilipoteza nitakuwa gari lisilo na taa hata moja."

Lusweti akacheka kile kicheko cha meno nje cha mbele ya wageni. "Si miwani hii hapa?" Akainyanyua ile ya nyongeza.

Kaluki akaipokea kwa mikono miwili, kama anayepewa zawadi na askofu. Akailaza mezani. Akatoa goroli. Lorraine akafumba macho, maana filamu hii alishaiona.

Kra!

Kipande kimoja kiliteleza hadi kwenye kiatu cha Ayuma. Hata njiwa waliinamisha shingo juu ya mabati, labda nao walikuwa wanakagua.

"Sasa mkubwa," Kaluki akasema, "kama ulikuwa unaona inatosha, lete nyingine kama hii. Vaa wewe. Inama hapa, pua yako iwe hapa kwenye pistoni, nami nafunga klipu."

Lusweti hakuinama. Alirudi nyuma hatua moja, na hatua ile watu wote waliiona.

Ayuma aliinua ubao wake. "Kusema kweli," alisema kwa sauti ya chini, "fomu hii tuliichukua kwa watu wa ujenzi. Haina miwani."

"Haina miwani!" Wafula akadakia. "Kwa hiyo tukijenga ghorofa juu ya pistoni, tumepita!"

Lusweti akamvuta Lorraine kando. Sote tunajua kunong'ona kwa tajiri: kunasikika hadi mtaa wa Pipeline. "Kimbia mjini. Leta moja. Ya huyu mama."

"Tisa," Kaluki akasema.

"Mama Ndinda, mwenye shida ya macho ni wewe."

Hapo Kaluki ndipo alipopaza sauti, na nadhani sauti ile ilikuwa imengoja miaka saba. "Mimi sina shida ya macho! Shida yangu ilikwisha siku ile, ilichukua ilichokuja kuchukua! Wenye shida ni hawa! Hawa wana macho kumi na sita hapa, na wewe umewafunika nywele!"

Mafundi wakavua kofia. Hakuna aliyewaamuru. Wafula alikuwa wa kwanza.

Wageni walikunywa soda mbili mbili wakingoja. Lorraine alirudi saa nane na miwani tisa. Kofia muuzaji alizikataa, nani atanunua kofia yenye jina la Lusweti? Kaluki alijaribu kila miwani kwa goroli. Kila moja. Ndipo akavaa yake, akachukua koleo mpya, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba akainama moja kwa moja juu ya pistoni, uso wote. Klipu ya kwanza iliingia kwa pumzi moja. Ya pili ikaruka.

Ti.

Ilimgonga mbele ya jicho la kulia, katikati kabisa. Kaluki akasimama wima. Akavua miwani, akapapasa jicho lake kwa kidole, akalipepesa. Kisha akaenda hadi kwa Lusweti na kumvisha miwani ile usoni bila kumwomba ruhusa.

"Unaona nini?"

"Naona… mkwaruzo."

"Mimi pia," Kaluki akasema. "Mimi pia nauona."

Kazi ya kampuni ile Lusweti aliipata. Alama kumi za kofia hazikufutwa. Cheti cha usalama kilikuja kimewekwa kwenye fremu pamoja na ile picha: kofia nane za njano zinang'aa. Kaluki hayumo, walimkata kwa sababu alikuwa kichwa wazi. Kimebaki kiwiko chake tu. Fremu inaning'inia kwenye msumari mlangoni mwa ofisi. Kaluki alichukua miwani yenye mkwaruzo, akaitundika kwenye msumari huo huo, mbele ya cheti, akaenda kudai nyingine mpya, akapewa bila swali.

Bado iko pale. Lusweti hupita mbele yake kila asubuhi na macho yake mawili, na hajaiona hata siku moja.